Barua ya wazi kwa vijana wa grupu letu mnaoombea watu nyuklia

Wajukuu zangu, shikamoo zenu nimezipokea ila leo sina maneno matamu. Imerushwa klipu ya makombora yanapiga mji usiku watu wamelala, nyie mkajaza maemoji ya moto na vicheko, halafu mmoja akaandika "wapige nyuklia tu yaishe", akapata laiki nyingi kuliko tangazo la msiba lililokuwa hapo juu yake. Mmelelewa na nani nyie?

Halafu ubishi wenu, eti Marekani alivamiwa Pearl Harbor, bandari yake ya meli za kivita kule Hawaii, akakasirika akatengeneza bomu. Siyo hivyo. Kweli Jumapili asubuhi tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Japani zilizikuta meli zimetulia bandarini, wakafa Wamarekani zaidi ya 2,400. Lakini barua ya mwanasayansi Einstein kumuonya Rais Roosevelt wa Marekani kwamba bomu la namna hiyo linawezekana ni ya Agosti 1939, na aliyekuwa anaogopwa ni Hitler. Kaisomeni, imeitaja Kongo.

Ndio, Kongo! Hapa ndo nataka mnisikilize maana shuleni walimu wanapita mbio, wanawakaririsha tarehe za wazungu basi. Kule Katanga, karibu na Likasi, kuna mgodi unaitwa Shinkolobwe. Mawe yake mengine yalikuwa na urani, madini ya kutengenezea bomu la nyuklia, mpaka asilimia 65, wakati kwingine duniani hata asilimia 1 watu wanachekelea. Mwaka 1940 bosi wa Union Minière, kampuni iliyomiliki mgodi huo, Mbelgiji Edgar Sengier, alishasafirisha tani zaidi ya 1,200 mpaka New York, zikakaa kwenye mapipa ya chuma ghalani Staten Island, mpaka Septemba 1942 Kanali Nichols wa mradi wa bomu wa jeshi la Marekani akaenda ofisini kwake kuulizia urani akaambiwa mzigo uko hapahapa mjini. Urani nyingi ya bomu la Hiroshima ilitoka huko kwa ndugu zetu. Sengier akapewa medali na Marekani 1946. Waliochambua yale mawe kwa mikono, watu wa Kiswahili hikihiki mnachotukania, hata majina yao huyasikii, na 2004 watu walikuwa bado wanachimba pale kienyeji, shimo likabomoka likawaua. Serikali zetu nazo kimya, mnara hata mmoja wa kuwakumbuka sijausikia.

Mengine nayataja tu. Ujerumani alisalimu amri Mei 1945, kazi ya bomu haikusimama. Mwanasayansi Joseph Rotblat alishajiondoa kwenye kazi hiyo mwishoni mwa 1944 kwa sababu ya dhamiri yake. Hiroshima mpaka mwaka unaisha inakadiriwa walikufa watu 140,000, wengi raia. Nagasaki, mji wa Japani uliopigwa bomu la pili, haikuwa hata chaguo la kwanza siku ile, ilikuwa Kokura, rubani akashindwa kuuona mji kwa wingu na moshi akageuza.

Mwenye swali aulize, nawapenda na ntajibu wote, ila vois noti za dakika 10 msinitumie.

Babu yenu