Mjomba, Jabali wamempa

Shikamoo mjomba. Najua hii hutaisoma mwenyewe, binti yako atakusomea, na nimemwonya asiruke mstari.

Juzi pale Tengeru uliniuliza, huku unakoroga chai: "Hiyo jazi ya Wamarekani ina nini ambacho sisi hatukuwa nacho?" Nilicheka tu. Jibu limenijia kwenye daladala nikirudi Kaloleni.

Wenzetu wana tuzo ya taifa ya wanamuziki wa jazi, NEA Jazz Masters (NEA ni mfuko wa sanaa wa serikali ya Marekani), inatolewa tangu 1982. Wa kwanza walikuwa Roy Eldridge, Dizzy Gillespie na Sun Ra. Wawili kati ya hao watatu ni wapiga tarumbeta kama wewe, usijifanye hujasikia. Raia yeyote anaweza kupendekeza jina, ila marehemu hapendekezwi.

Na sikia hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Herbie Hancock, mpiga piano wa jazi wa hukohuko Marekani, alikuwa na bendi ambayo wanamuziki wake walijipa majina ya Kiswahili. Yeye Mwandishi, wa besi Mchezaji, wa tarumbeta Mganga, wa dramu Jabali. Mwandishi alitunukiwa 2004. Jabali, ndiye Billy Hart, alingoja hadi 2022, keshapita miaka 80, akapewa na dola 25,000 juu. Jabali! Neno letu limekwenda kupanda jukwaa la heshima huko, wakati majabali wenyewe tunao hapa wanapalilia migomba.

Miaka hiyohiyo ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walikuwa hapa Arusha. Walianzisha Arusha Jazz 1970, mwaka uliofuata wakahamia Kenya, wakawa Simba Wanyika. (Wajuaji watasema ile ilikuwa rumba, jazi ni jina tu. Waseme.) George alifariki 1992, Wilson 1995.

Tulipomzika mpiga gitaa la solo wa bendi yenu mwaka jana, kipaza sauti kilizunguka saa nzima, kila mtu anamsifu. Alipokuwa anauza viazi soko la Kilombero, hakuna aliyemwomba hata wimbo mmoja. Mimi pia nilinunua viazi nikaondoka.

Dola sina, mjomba. Ila Jumamosi nakuja na kinasa sauti na kichupa cha mafuta ya valvu. Itoe ile tarumbeta chini ya kitanda kabla sijafika, maana mgongo wangu nao si wa kuinama. Tutaanza na ule wimbo ambao mama anasema ulimharibia harusi.