Kazi ya matishali ya Tanga ipigwe picha tungali hai

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita, katika ukurasa wenu wa filamu, kijana mmoja mtengeneza filamu alisema kwetu hadithi zimekwisha, zimebaki za mapenzi na uchawi. Maneno yale yaliniuma. Naomba nafasi nimjibu, na nitamjibu kwa habari za Manoel de Oliveira, mtengeneza sinema Mreno wa mji wa Porto.

Nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini Tanga kwa miaka 31, na sinema si fani yangu. Mjukuu wangu ndiye anayesomea filamu. Alipokuja likizo alinifungulia kwenye kompyuta yake sinema bubu ya dakika kama 20, ambayo huyo Oliveira aliionyesha kwa mara ya kwanza mwaka 1931, akiwa na miaka 22 tu. Inaitwa Douro, Faina Fluvial, yaani shughuli za mto Douro. "Babu," akaniambia, "hii si ndiyo ile kazi yenu?" Tuliitazama mara tatu usiku ule.

Ndiyo yenyewe. Inaanza na mnara wa taa unamulika, kisha tunaingia gatini Porto, chini ya lile daraja refu la chuma. Vyombo vinapakuliwa. Wanawake wanapita na mizigo vichwani, shingo hazitikisiki. Mikokoteni inavutwa na ng'ombe. Bahari ikichafuka unaonyeshwa kamba za vyombo zinavyokazika, na mimi niliyezisikia kamba zikilia nilizisikia tena, ingawa sinema haina sauti. Kuna mahali dereva wa lori anainua macho kutazama ndege, lori linasogea, ng'ombe wanashtuka na kumwangusha mwenye mkokoteni. Hapo nilisimama bila kujijua. Yeyote aliyefanya kazi chini ya winchi anajua maana ya jicho kuhama kidogo wakati robota la katani la kilo 250 liko hewani.

Mjukuu aliniambia Oliveira alikuwa mtoto wa tajiri mwenye kiwanda. Baba ndiye aliyemnunulia kamera, na rafiki yake António Mendes, mpiga picha wa ridhaa, ndiye aliyempigia picha. Angeweza kupiga picha za karamu na magari. Magari aliyapenda kweli, mwaka 1937 alishinda mashindano ya mbio za magari huko Estoril, Ureno. Lakini kamera aliipeleka kwa mahamali. Ilipoonyeshwa Lisbon mbele ya wahakiki wa nchi nyingi, Wareno wenyewe waliizomea, wageni wakaisifu. Naelewa kwa nini walizomea. Mtu huona haya jasho la kwao likitazamwa na wageni. Mimi nasema walikosea.

Sura nayo alikuwa nayo. Mwaka 1933 aliigiza katika A Canção de Lisboa, sinema ya kwanza ya sauti iliyotengenezwa Ureno kwenyewe, akiwa Carlos, rafiki wa mhusika mkuu. Angebaki mbele ya kamera angekula vizuri. Hakubaki. Mwaka 1942 alitoa Aniki-Bóbó, sinema yake ndefu ya kwanza, kuhusu watoto wa ukingo ule ule wa mto. Watu hawakuijali, na ikampitia miaka 14 bila kutoa sinema nyingine. Miaka hiyo alishughulika na mashamba ya mizabibu. Mwaka 1963 polisi wa siri wa Salazar, dikteta wa Ureno, walimweka ndani.

Hapa ndipo nataka yule kijana asikilize. Mtu huyu alirudi. Alipovuka miaka 80, wakati wenzake wamekwisha kuzikwa, akaanza kutoa karibu sinema moja kila mwaka. Mwaka 1994, katika filamu ambayo mwongozaji Mjerumani Wim Wenders aliipigia Lisbon, alitokea mwenyewe akimwigiza Chaplin, yule mchekeshaji wa sinema bubu, na mwendo wake wala hujui ni mzee. Mwaka 2014, akiwa na miaka 105, bado alionyesha kazi yake fupi mpya. Alifariki tarehe 2 Aprili 2015. Sisemi zote nimezipenda. Mjukuu alinionyesha nyingine mbili, watu wamekaa wanazungumza muda mrefu mno, na mimi nilikuwa nangoja mtu anyanyue kitu. Lakini kuna moja sijaiona na nina hamu nayo. Mwaka 1982, alipokuwa anapoteza nyumba yake kwa madeni, aliingia na kamera akaipiga picha chumba kwa chumba, akaagiza isionyeshwe mpaka afe. Ilionyeshwa 2015.

Sasa turudi Tanga. Zamani meli zilitia nanga nje ghubani, kwa sababu kina cha maji gatini kilikuwa kidogo. Tagi, chombo kidogo cha kuvuta vingine, lilivuta matishali, yaani mashua bapa za mizigo, hadi ubavuni mwa meli, genge la wapakuzi likashuka hachini, tumboni mwa meli, na sisi makarani tukasimama na vitabu vyetu, mistari minne na mmoja wa kukata kwa kila mizigo mitano, jua na mvua. Leo bahari imechimbwa hadi mita 13 na meli zinafunga gatini. Nimefurahi, wajukuu zetu watapata ajira. Ila ile kazi ya matishali inaondoka, na mimi sijaona mtu aliyeipiga picha ya mwendo hata dakika 10. Pale Porto, mashua za rabelo zilizokuwa zikishusha mapipa ya mvinyo kutoka mabondeni sasa zimefungwa mtoni kama pambo la watalii, lakini namna zilivyofanya kazi ipo, mtu wa miaka 22 aliiwahi.

Genge nililokuwa nalihesabia lilikuwa la watu 14. Tumebaki 4. Mmoja haoni tena, lakini ukimtajia jina la meli anakwambia ilipakia nini na ilivuta siku ngapi. Mwingine bado anajua nyimbo za kuvutia kamba, na mkewe anasema akiwa na homa huziimba usingizini. Vitabu vyangu mwenyewe vya kumbukumbu ninavyo 9, vimeliwa kidogo na mchwa.

Mwanangu uliyesema hadithi zimekwisha, njoo na kamera yoyote, hata ya simu. Chakula na mahali pa kulala nitakupa. Njoo kabla ya mvua za masika, maana yule asiyeona kifua chake hakipendi baridi, na saa anayozungumza vizuri ni baada ya alasiri, tukiwa barazani kwa kahawa.

Karani mstaafu wa bandari,
Ngamiani, Tanga