Watoto wako wa darasa la nne wanakusalimu

Bweyale, Uganda, Jumamosi jioni

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Natumaini wewe, shemeji na wadogo mmeshaizoea Kasese. Sisi hatujambo. Mvua imenyesha kwa wakati, mahindi yameanza kutoa ndevu, na barabara ya Gulu ni ile ile unayoijua, malori na mabasi usiku kucha.

Uliniomba nikueleze watoto wanavyoendelea, na kwenye simu muda wa maongezi hutuishia kabla hatujafika popote. Leo madaftari nimeshayasahihisha yote, kwa hiyo naketi nikuandikie wiki hii ilivyokwenda.

Wewe uliwafundisha mpaka darasa la tatu, kwa hiyo unawajua kuliko mimi. Lakini mwaka huu wa nne ndio mgumu. Mtaala ulioanza 2007 unataka darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na la nne wavuke, kila somo liwe kwa Kiingereza. Sasa hapa Bweyale lugha ya eneo ni ipi? Dawati moja Kinyoro, la pili Kiacholi, la tatu Kilango, kule dirishani Kialuri na Kilugbara, na kila muhula wanaongezeka watoto kutoka makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo wanaozungumza Kiarabu cha Juba. Uwanjani wote wanacheza kwa Kiswahili. Wanagombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kiswahili. Kengele ikilia, wanaingia darasani na midomo inafungwa. Mgeni akiwaona saa hiyo atadhani ni watoto wasiojua kitu, na hilo ndilo linaloniuma, maana wanajua mengi mno.

Jumatatu nilipata ushahidi. Mwisho wa wiki iliyopita niliwapa hesabu ya maneno kwa Kiingereza: mama ana shilingi 10,000, ananunua kilo 3 za unga kwa shilingi 2,500 kila kilo, atarudishiwa ngapi? Madaftari mengi yalirudi na jibu moja, 12,503. Wamejumlisha kila tarakimu waliyoiona! Kumi elfu na tatu na elfu mbili mia tano, basi. Hata yule kijana wa mama wa chapati, anayekaa karibu na mlango, aliandika hivyo hivyo. Na huyo mimi nimemwona kwa macho yangu jioni pale mabasi yanaposimama, anarudisha chenji dirishani huku basi limeshaanza kuondoka, na hakosei.

Kwa hiyo Jumatatu nilifungua duka darasani. Watoto walileta pakiti tupu za chumvi, maboksi ya sabuni, chupa za mafuta. Pesa tulikata kwenye karatasi: noti za elfu moja, elfu mbili, elfu tano, elfu kumi. Nikamweka kijana huyo awe mwenye duka, na nikasema wazi kwamba dukani ni Kiswahili. Mteja wa kwanza alichukua chapati nne za mia tano na chai ya elfu moja, akatoa noti ya elfu kumi. Natamani ungekuwepo. Kijana hakutoa chochote kichwani. Alisema, "Umekula elfu tatu." Akaweka noti ya elfu mbili mezani: "Elfu tano." Akaweka noti ya elfu tano juu yake: "Elfu kumi. Karibu tena." Anapanda kutoka bei mpaka kwenye noti, na alichoweka mezani ndicho chenji. Nikamwomba arudie polepole, mimi nikawa naandika ubaoni kila hatua. Darasa zima likaona kwamba wanachofanya jioni na mama zao ndicho kilichomo kitabuni.

Baada ya hapo tu ndipo nilipoandika lile swali la unga, Kiingereza kile kile, hapo hapo chini ya hatua zake. Tukalisoma sentensi kwa sentensi. Ni nani ana pesa? Amenunua nini? Kipi kinaulizwa? Wakajibu kwa Kiswahili kwanza, kisha tukazipa hatua zile maneno ya Kiingereza. Kufikia kengele ya uji, wengi walikuwa na 2,500 daftarini, na kijana wa chapati alikuwa akiwasahihisha wenzake wa dawati lake. Kwa kujiamini kabisa, dada.

Mwalimu mwenzetu mmoja alikuwa amesimama dirishani akatazama. Baadaye akaniambia kwa upole kwamba mtihani wa darasa la saba hauji kwa Kiswahili. Ni kweli. Masomo yote manne, Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii, karatasi ni Kiingereza, na mzazi yeyote hapa anaujua uzito wa Novemba. Lakini mimi sikubali kwamba Kiswahili kinawachelewesha. Mtoto aliyeelewa swali kwa lugha yake ya kila siku anatafuta maneno tu ya kulisemea kwa Kiingereza. Asiyelielewa kabisa anajumlisha unga na pesa. Nimemwalika aje darasani kwangu wiki ijayo, tulifundishe somo hilo pamoja. Amekubali, na nafurahi sana.

Jumanne ilikwenda na mvua. Unajua mabati ya darasa lile, ikianza kunyesha hata ukipiga kelele hakuna anayekusikia. Wakasoma kimya, nami nikapita nikisikiliza mmoja mmoja akinisomea sikioni. Yule mrefu wa nyuma hakuja. Wamemweka shambani kufukuza ngedere wasile mahindi machanga. Nitakurudia habari zake.

Sasa sikiliza ya Jumatano, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nitake kukuandikia.

Maarifa ya jamii darasa la nne, kama unavyokumbuka, ni wilaya yetu. Badala ya kuichora Kiryandongo ubaoni niliwatoa nje. Ardhi ilikuwa bado na unyevu, imeshikana vizuri. Nilikuwa nimeomba jivu jikoni, ndoo mbili. Tukaanza na barabara: Kigumba hapa, Bweyale hapa, Karuma kule juu ambapo daraja linavuka kwenda upande wa Gulu. Bweyale tuliweka jiwe kubwa, wakasisitiza wenyewe liwe kubwa. Kwa mahindi tuliweka magunzi, kwa bwawa la umeme tofali. Nikawaambia mitambo ya Karuma inaweza kuzalisha megawati 600 na kwamba ilizinduliwa 2024. Mmoja akauliza kwa nini basi kwao bado wanawasha taa ya mafuta na nyaya zinapita juu ya nyumba yao. Nilimweleza habari za njia kubwa za umeme, transfoma na gharama za kuunganishiwa, lakini niliona jibu langu halikumtosha. Na mimi halikunitosha.

Kisha mto. Nile unatoka Ziwa Kyoga, unapita Masindi Port, unatuzunguka mashariki na kaskazini, halafu pale Karuma unakata kona kwenda magharibi, kwenye maporomoko ya Murchison na Ziwa Albert. Watoto wawili walimwaga jivu wakifuata maelezo yangu. Tulipofika Ziwa Albert nikasema basi, wilaya yetu imeisha zamani, hapo panatosha. Kijana mmoja wa Sudan Kusini akasema, "Mwalimu, hapana, haujaisha." Akachukua ndoo, akauvuta mto kwenda kaskazini mpaka Nimule, akaingia kwao, akatandika jiwe akasema Juba. Jivu likawa linamwishia. Akaendelea kwa kisigino.

Nikuambie kwamba tuna binti aliyekuja baada ya wewe kuondoka. Familia yake ilikimbia vita vya Sudan. Walikuwa wakiishi Khartoum. Tangu aje, sauti yake nilikuwa nimeisikia mara chache sana, na hapo ni kuitikia jina tu. Akatoka kwenye duara. Hakuniomba ruhusa, na sikutaka aombe. Akaenda mpaka pale kisigino cha kijana kilipoishia, karibu na goli, akachukua kijiti akaendelea na mto. Alipofika mahali alipopataka akasimama, akaenda kando kabisa, kulia, akaanza kuchora mto mwingine ukija kutoka huko, mpaka ukagusa ule wa kwanza. Akapiga kijiti pale mito inapokutana. "Khartoum," akasema. "Beti yangu. Nyumba." Beti ni nyumba kwa Kiarabu, na mengine ni Kiswahili chake kile kile alichookota uwanjani.

Watoto walimkimbilia wote. Mto huu wa pili unatoka wapi? Nikawaambia ni Nile ya Buluu, unatoka Ziwa Tana, Ethiopia, na huu wetu wanauita Nile Nyeupe. Kwa hiyo maji yetu ya Karuma yanapita kwenu? Akatikisa kichwa, ndiyo, yanapita. Mmoja akamuuliza kama wana samaki, mwingine kama kuna mamba. Akajibu yote. Maneno mengine aliyakosa, akayaonyesha kwa mikono, na yule kijana wa Juba akamtafsiria kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili kwa wengine. Kipindi kiliisha, cha Kiingereza kikaliwa chote, na sikuwaita ndani. Kesho yake wote waliandika sentensi tatu kwa Kiingereza kuhusu mto. Binti aliandika nne.

Alhamisi sina mengi, ila ya maharage utayapenda. Wiki iliyopita tulipanda kwenye makopo: moja lina maji na mwanga, moja lina maji ila liko gizani kabatini, moja halina maji kabisa. Yule msichana mwenye maswali, wako yule yule, akauliza maharage yaliyopikwa je, yataota? Tukaongeza kopo la nne. Alhamisi tukayafungua. Lisilo na maji, kimya. La gizani, ambalo wote waliapa halitaota, limeota, tena refu kuliko la kwenye mwanga, lakini limepauka na kulala. La yaliyopikwa lilitoa harufu iliyotukimbiza nje! Sasa anataka kujua maharage hufa dakika ya ngapi yakiwa jikoni. Nimemwambia Jumatatu tutayachemsha kwa muda tofauti, tuyapande, tuone.

Jioni hiyo nilipitia nyumbani kwa yule mrefu. Nilimkuta bibi yake peke yake, miguu imevimba, shamba ni kubwa na ngedere ni wengi. Sikuwa na la kumlaumu mtu. Tumekubaliana kijana alinde alfajiri na jioni, mchana jirani atasaidia mpaka mahindi yakauke, na mimi nitampa kazi alizokosa. Ijumaa alikuja, amechelewa, lakini alikuja. Kusoma bado kunamwia vigumu. Anakumbuka kila kitu anachosikia, ila ukurasa anauogopa. Ninajua wewe ulikuwa na njia yako naye, maana mwaka jana alikuwa anakusomea.

Ijumaa mchana ni Kiswahili, kipindi kimoja tu, watoto wakiwa wameshachoka. Hapa lazima nikuambie nilivyo moyoni. Katiba ilirekebishwa 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Kwenye mstari wa asubuhi tunaimba wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa Kiswahili. Halafu ratiba inakipa saa ya kusinzia. Nimemwendea mwalimu mkuu, nimemwomba vipindi viwili vya asubuhi kwa darasa la nne. Hakukataa. Atalipeleka kwenye kamati ya shule, na nimejitolea kwenda kuwaeleza wazazi mimi mwenyewe.

Wakati huo tunajiandaa kwa Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. Watoto wanatunga shairi lao wenyewe kuhusu mto, kila dawati beti moja, vina tunapigana navyo. Binti wa Khartoum na kijana wa Juba wamepewa beti la mwisho. Wameanza vizuri, lakini mstari wa nne umewashinda, na mizani zinawazidi. Wewe ndiye mwenye mkono wa mashairi. Nimekunakilia beti hilo kwenye karatasi ya pili, uliangalie. Usilimalize, wape dokezo tu, nao wataling'ang'ania.

Nina maombi mawili zaidi. Niandikie ulivyokuwa ukimfundisha yule mrefu kusoma, hatua kwa hatua, hata kama unaona ni jambo dogo. Na kama utapata ruhusa kazini, njoo tarehe 7. Nyumbani kwangu kuna nafasi, na nauli tutasaidiana.

Watoto wamegundua kwamba nakuandikia. Wanasema wanakusalimu, na msichana wa maswali anauliza kama huko Kasese theluji ya Rwenzori inaonekana kutoka darasani kwako. Tafadhali mjibu, maana hatanipa raha.

Msalimie shemeji na wadogo.

Ni mimi mwenzako,
Mwalimu wa darasa la nne