Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Dhamana ya Usafiri Tanga: Nani Anamjua Deiwaka?

Mheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zote zinazostahiki cheo chako, naomba nikukumbushe kikao cha wazazi cha mwaka jana, ulipoahidi mbele yetu kwamba kila dereva wa daladala na kila konda atachunguzwa rekodi yake ya jinai kabla ya kukabidhiwa abiria. Tulikupigia makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu zaidi, kwa kuwa nina binti wa kidato cha pili anayetoka Pongwe kila alfajiri kuja kusoma mjini.

Alhamisi iliyopita jioni binti huyo alipanda gari Ngamiani. Konda alishukia Kange, abiria wengine wakaishia njiani, na walipofika Pongwe dereva hakusimama. Alimwambia atulie, kuna mzigo wa kuchukua mbele, akaendelea na njia ya Muheza. Aliyemwokoa mwanangu ni tuta: gari lilipopunguza mwendo alifungua mlango akaruka, akarudi nyumbani akichechemea, mkoba wake ukabaki kitini. Kesho yake mwenye gari aliuleta mkoba huo, akaketi barazani kwangu na kuniomba tuyamalize kifamilia. Nilikataa, na taarifa iko polisi. Linalonirudisha kwako ni alilolisema bila kuulizwa: kwamba yule si dereva wake bali ni deiwaka, mtu wa kushikishwa usukani kwa muda tu, na hata jina lake la pili halijui. Kijiweni nilipokwenda kuuliza wanamjua vizuri sana, pamoja na kifungo alichokimaliza kwa kumdhuru mtoto.

Sheria Na. 3 ya mwaka 2019 iliyoanzisha LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, imetaja kuthibitisha madereva na kusajili wahudumu wa magari ya biashara, hivyo jambo hili lina mlango wa kupitia. Jeshi la Polisi nalo hutoa cheti cha tabia njema baada ya kuchukua alama za vidole, na vijana wetu hukifuata wanapotafuta kazi nje ya nchi. Jirani zetu wa Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, hawampi dereva wa matatu, daladala za kwao, beji yake bila cheti cha namna hiyo. Inaelekea nyumba za ugenini wanakokwenda vijana wetu kufanya kazi zinastahili mtu aliyechunguzwa kuliko watoto wa Pongwe.

Nahisi kinachokwamisha ni hesabu. Mwenye gari anataka hesabu yake jioni, dereva akichoka mchana anamwachia usukani yeyote aliyepo kijiweni, na anayeuliza huyu ni nani anaonekana adui wa riziki. Huenda nakosea, huenda faili limelaliwa tu na mafaili mengine.

Sisemi kila aliyefungwa anyimwe kazi. Aliyeiba kuku ujanani akatumikia adhabu yake, mwacheni ale jasho lake. Nawasema waliohukumiwa kwa kuwadhuru watoto na wanawake.

Tangu siku hiyo mtoto hapandi gari bila mimi. Mimi ni fundi cherehani. Namsindikiza asubuhi na kurudi, namfuata jioni na kurudi tena, nauli nne za mtu mzima kwa siku juu ya zake. Wateja wangu wa sare wamehamia kwa jirani baada ya kukuta mlango umefungwa mara tatu, na kodi ya fremu haijui habari za deiwaka.

Nilikuja na madai mengi, nimeyapunguza hadi moja. Hata kama uchunguzi wa madereva wote utasubiri bajeti, asishike usukani mtu ambaye jina lake na alama zake za vidole hazijafika polisi, hata kwa tripu moja. Deiwaka, Mheshimiwa. Waliosajiliwa angalau wana majina.

Kesho kabla ya saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa kituoni Pongwe na mwanangu, tukichungulia kwanza kiti cha dereva ndipo tupande. Nasubiri jibu lako.

Wako mtiifu,
Mzazi wa Pongwe