Jumamosi: watafiti wa mto wanakuja

Ndugu zangu wa Gulwe na Godegode, habari za jioni. Jumamosi saa 3 asubuhi tukutane ofisi ya kijiji na watafiti wa mafuriko ya Mto Kinyasungwe. Takwimu za mvua wanazo, ila hawakuwepo maji yalipokuja. Yale ya Januari 2010, yaliyobomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, yalifika wapi ukutani kwako? Yalipitia korongo lipi? Yaliacha mchanga shamba gani? (Kwangu alama ya tope bado ipo, sikuipaka rangi.) Wazee msiwaache nyumbani, wanajua mto ulikopita zamani. Akina mama wanaochota maji kwenye visima vya mchangani waje waseme wenyewe. Mwenye picha azilete. Nawaomba sana.