Cc 1300 za RX-8 si cc 1300 za Vitz

Ndugu Mhariri,

Jumapili kwenye ukurasa wenu wa magari mlimjibu kijana aliyeuliza achukue Toyota Altezza au Mazda RX-8, mkamwambia RX-8 ina injini ndogo ya cc 1300 tu kwahiyo ndo nafuu kwenye mafuta. Aisee hapo mmempoteza dogo, naomba nisahihishe kabla hajatuma hela Japani.

Ni kweli injini ya RX-8 ni cc 1308, ila ni rotari, haina pistoni, ina vitu viwili vya pembetatu vinazunguka ndani, na shafti ikizunguka mara moja tu zote hizo cc 1308 zishachomwa, wakati injini tulizozoea zinahitaji mizunguko miwili. Yaani ukitaka kulinganisha kwa haki weka cc 2600. Na inakula oili pia, wala si ubovu, ndo ilivyoundwa, oili kidogo inaingizwa ndani kulainisha sili, yaani vile vizibo vya kwenye kingo za hizo pembetatu, ukisahau kuchomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, kila ukijaza tenki mara mbili hivi shauri yako.

Binamu yangu anayo. Siku moja asubuhi kaiwasha ya baridi, kaisogeza kutoka getini mpaka chini ya mwembe, hata dakika haikufika kazima. Jioni anapiga stata inalia tu weee, petroli inanuka mpaka kwa jirani, tukafungua plagi zote 4 zimelowa chapachapa. Kosa lake mwenyewe, rotari ukiiwasha unaiacha ipate moto kwanza ndo unazima, ila nani alimwambia?

Mi nina Altezza RS200 ya 2001, gia 6 za mkono, injini 3S yenye hosipawa 210. Fundi yeyote wa chini ya mti anaijua 3S, spea unapata, unachotakiwa ni kubadili taimingi belti kwa wakati basi. Sisemi haina kasoro, chini ya rev 5000, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, imelala kabisa, na ile dashibodi yenye visaa vidogo ndani ya spidomita mpaka leo nakodoa macho kusoma joto la injini.

Ila nisiwe mnafiki. Niliendesha ya binamu Kitonga tukielekea Iringa, malori yalipotuachia njia kidogo ile gari ilikata kona kama imeshikwa na mkono, maana injini wameisogeza nyuma ya ekseli ya mbele na uzito umegawanyika nusu kwa nusu, halafu rev zinapanda tuuu mpaka kengele ya kukwambia ubadili gia inalia karibu na 9000. Altezza yangu haifanyi hivyo, naikubali.

Kwahiyo dogo kama moyo ushaenda kwa RX-8 achukue, ila kwanza adai ipimwe kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya injini, kwa kipimo cha rotari, hiki cha pistoni kitamdanganya, halafu aweke plagi 4 za akiba kwenye buti.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam