Kwa vijana mnaotafiti saratani ya ovari: kubalianeni kwanza siku ya kuanza kuhesabu

Wanangu,

Mnataka kujua nani ataishi na saratani ya ovari, na kwa nini dawa inamkubali huyu na kumkataa yule. Kabla hamjafungua data, andikeni hesabu ya kila mgonjwa inaanza siku gani. Hapo ndipo tafiti nyingi huharibika.

Mgonjwa aligunduliwa Januari, akasajiliwa Julai. Ukimhesabia tangu Januari unampa miezi sita ya bure, kwa sababu waliofariki kabla ya Julai hawakufika kwenye daftari lako. Wenye hitilafu za jeni za BRCA (jeni ambazo zikiharibika huongeza hatari ya saratani hii) ni kweli huitikia vizuri zaidi dawa za platinamu, yaani kemotherapi kuu ya ugonjwa huu, lakini damu ya kupima jeni ikichukuliwa miezi mingi baada ya ugonjwa kugunduliwa, faida yao huweza kuonekana kubwa kuliko ilivyo. Muingizeni mgonjwa kwenye hesabu kuanzia siku aliyosajiliwa.

Msilinganishe walioitikia tiba na wasioitikia tangu dozi ya kwanza, kwani ili mtu aitwe ameitikia ni lazima awe hai hadi siku ya kipimo. Teueni siku moja, mathalani mwisho wa mzunguko wa sita wa tiba, muanze na walio hai siku hiyo.

Hata kugundua mapema hudanganya, kwani huanzisha hesabu mapema bila lazima kurefusha maisha. Utafiti mmoja wa Uingereza ulifuatilia wanawake zaidi ya 200,000. Waliopimwa kila mwaka CA-125, protini ya damuni ambayo mara nyingi hupanda kwenye saratani hii, waligunduliwa katika hatua za mapema zaidi, ila matokeo ya 2021 hayakuonyesha vifo kupungua. Jambo hili linaumiza, na lazima lisemwe.

CA-125 yenyewe ina masharti. Kuitikia ni kushuka kwa angalau asilimia 50, na kushuka huko kudumu siku 28. Kipimo cha mwanzo kiwe walau mara mbili ya kikomo cha kawaida (yuniti 70 kwa mililita pale kikomo ni 35), na kichukuliwe ndani ya wiki mbili kabla ya tiba. Aliyepasuliwa tumbo au kutolewa maji tumboni ndani ya siku 28 zilizotangulia asihesabiwe kwa kipimo hiki.

Miezi sita ya kutenganisha usugu wa platinamu (ugonjwa ukirudi kabla ya miezi hiyo, huitwa sugu kwa dawa hizo) nayo huhesabiwa tangu dozi ya mwisho ya platinamu, hata kama mgonjwa aliendelea na vidonge vya kuzuia ugonjwa usirudi.

Mwisho, aliyeacha kliniki. Pengine ameacha kwa sababu amezidiwa, kwa hiyo kumchukulia kama mzima aliyehama kunapamba matokeo. Pigeni simu kwa ndugu zake, na mkikosa jibu, andikeni tarehe aliyoonekana mara ya mwisho, si tarehe mliyofunga faili.

Mzee wenu